Sura ya Nne: Mlango Ulioko Juu

Kikohozi cha shangazi yangu kilikuwa na saa zake. Kilimngoja aweke kichwa kwenye mto, ndipo kikaanza. Akiketi kitandani kinapungua. Alfajiri, akishainama kuwasha moto, anatema donge zito la manjano, basi, mpaka usiku mwingine. Nyumba yake iko Nkwenda, wilayani Kyerwa, na majirani walikizoea kikohozi hicho kama walivyomzoea jogoo.

Katika miaka minne alipimwa makohozi mara tatu kutafuta kifua kikuu, na mara zote tatu hakikuonekana. Alimeza antibiotiki dozi nisizoweza kuzihesabu, chache kwa cheti, nyingi kwa kununua tu dukani: amoksilini safari hii, azithromaisini safari ijayo. Kila dozi ilimpa wiki moja ya nafuu, kisha mambo yakarudi palepale. Mwisho akaja mtu wa heshima zake, mwenye nia njema kabisa, akamwambia kimeo kimerefuka na kinamkuna koo, kikatwe. Kukata kimeo bado kunafanyika sehemu nyingi za Tanzania, hasa kwa watoto wenye kikohozi kisichokwisha, na wako waliofikishwa hospitali wakivuja damu au koo likiwa limejaa usaha. Shangazi alikataa. Nashukuru mpaka leo kwamba alikataa.

Alichokuwa akikisema yeye mwenyewe hakikuandikwa kwenye daftari lolote. "Mwanangu, kifua changu kizima," aliniambia, akaweka kidole chini ya taya. "Kuna kitu kinanichuruzikia hapa nyuma. Na harufu ya ndizi siisikii tena, hata zikiungua."

Kwa daktari wa masikio, pua na koo, maneno hayo yanatosha kuanzia. Pua iliyoziba, au kamasi linalotoka mbele au kushuka nyuma kooni. Pamoja na hilo, uso kuwa mzito na kuuma, au kunusa kupotea. Hali hiyo ikidumu wiki 12 au zaidi, mtu huyo ana uvimbe sugu wa sainasi mpaka vipimo vioneshe vingine. Kamasi linaloshuka nyuma humkuta mtu amelala, likamwamsha kwa kikohozi. Sisi tukamtibu kifua.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi 4: mashavuni, kwenye paji, katikati ya macho, na nyuma kabisa karibu na sakafu ya ubongo. Kuta zake zimetandikwa ngozi laini yenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hupiga kasia mara 10 hadi 15 kwa sekunde, vikiusukuma ute kidogokidogo, milimita kadhaa kwa dakika. Pua na sainasi za mtu mzima hutengeneza ute unaokaribia lita 1 kwa siku, na karibu wote tunaumeza bila kujua. Ndani yake umenasa vumbi, moshi, chavua na vijidudu vya siku nzima. Mtu mzima wa afya ni mtu ambaye mto huo unatiririka.

Sasa, jambo ambalo ningependa kila muuza dawa na kila mgonjwa wa Karagwe alijue ni kwamba mlango wa sainasi ya shavuni uko juu. Chumba chenyewe kina ujazo wa mililita 15 hivi, kama vijiko 3 vya chai, na tundu lake la kutokea, lenye upana wa milimita chache tu, liko karibu na dari. Mtu akisimama wima, ute hauwezi kudondoka wenyewe, kama maji yasivyoweza kutoka kwenye ndoo iliyotobolewa karibu na mdomo. Ni vinyweleo vinavyoupandisha ukutani hadi mlangoni.

Madaktari wenyewe walichelewa kulielewa hilo. Mwishoni mwa karne ya 19, George Caldwell wa Marekani na Henri Luc wa Ufaransa, kila mmoja kwa wakati wake, walibuni upasuaji uliotumika duniani kwa miaka mingi: kuingia shavuni kupitia juu ya meno, kukwangua ngozi ya ndani, na kutoboa tundu jipya chini ili usaha ushuke wenyewe. Fundi yeyote wa mabomba angekubali. Lakini katika karne ya 20 Walter Messerklinger, daktari wa mji wa Graz nchini Austria, alitumia miaka kuchungulia ndani ya pua na sainasi kwa darubini nyembamba, akafuatilia njia za ute. Aliona ute ukilipita tundu jipya na kuendelea kupanda kuelekea mlango wake wa asili, kama ng'ombe wanaojua njia ya zizini. Kutoka kwenye kazi hiyo ukazaliwa upasuaji wa siku hizi, ambao huupanua mlango ule wa asili na kuiacha ngozi ya chumbani ipone.

Na mlango wa milimita chache hauhitaji uvimbe mkubwa ili ufungike. Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, zina mengi ya kuuvimbisha. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua huondoka, nyasi za vilimani huchomwa, na magari huacha vumbi jekundu lililoning'inia juu ya migomba. Ndio msimu wa kuanika kahawa. Robusta yetu hukaushwa na maganda yake, kisha hukobolewa, na anayesimama mchana kutwa karibu na mashine ya kukoboa hutoka na kope zenye rangi ya maganda. Lakini mkubwa wa yote, kwa maoni yangu, ni moshi wa jikoni. Maharage yanahitaji moto wa saa nyingi, kuni za mkaratusi mara nyingi hazijakauka vizuri, na jiko la shangazi lilikuwa na mlango mmoja bila dirisha. Amepika humo zaidi ya miaka 40.

Ukiuelewa mlango huo, unaelewa pia kwa nini antibiotiki zilimpa wiki moja tu. Katika ugonjwa sugu, vijidudu mara nyingi ni wapangaji waliokuta nyumba imefungwa na maji yametuama. Unawafukuza, lakini uvimbe uliofunga mlango umebaki, na baada ya siku chache wanaingia wapangaji wapya, pengine wenye ngozi ngumu zaidi kwa dawa ileile. Matone ya kuzibua pua, yale ya efedrini au zailometazolini, yana mtego wake pia. Hufungua pua ndani ya dakika chache, na hapo ndipo mtu huyapenda. Yakipita siku 5 hadi 7 mfululizo, pua huyategemea. Yanapoisha nguvu inaziba zaidi ya mwanzo, na mtu anaongeza mengine. Nimemfahamu kijana wa bodaboda pale Omurushaka aliyetembea na kichupa hicho mfukoni karibu miaka miwili, akiamini ana ugonjwa usiotibika, kumbe sehemu kubwa ya ugonjwa ilikuwa kile kichupa.

Kujifukiza nako kuna wapenzi wake, na mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima ilijifunika mashuka. Mvuke hulainisha na humpa mtu faraja ya muda. Hauoshi kitu, na watoto wameunguzwa na masufuria hayo.

Kuosha ni kazi ya maji, na kupitisha maji puani si jambo geni kwetu. Muislamu anayetawadha hupandisha maji puani na kuyatoa kabla ya kila swala, akianza na udhu wa alfajiri. Watu wa yoga huko India wana birika maalumu la kazi hiyo tangu zamani. Hata kusini mwetu, Ujiji, Richard Burton aliyefika huko 1858 aliandika jinsi watu walivyomimina maji ya tumbaku puani na kuyazuia yasitoke. Hiyo ya tumbaku simshauri mtu, lakini inaonesha kwamba mtu wa huku haogopi kumimina kitu puani.

Maji ya chumvi yenye uzito sawa na maji ya mwili hung'oa ute uliokauka, huondoa vumbi na kemikali za uvimbe, na kuvipa vinyweleo nafasi ya kupiga kasia tena. Mwaka 2002 watafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 76 kwa miezi 6. Waliosuuza pua kila siku kwa maji ya chumvi walipata dalili chache na walitumia antibiotiki kidogo kuliko wenzao. Hakuna kampuni itakayotangaza redioni jambo la bei rahisi namna hiyo, kwa hiyo naliandika hapa kwa kirefu.

Lita 1 ya maji ichemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1. Mahali palipo juu ya mita 2,000 inashauriwa dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Sehemu kubwa ya Karagwe iko karibu mita 1,500, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na dakika moja kamili inatosha. Usimalize kuni bure. Tia gramu 9 za chumvi safi ya unga, ambazo ni kijiko cha chai 1 na nusu kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu. Wengine huongeza nusu kijiko cha bikaboneti, ile ya kuumulia keki, ili maji yasiwashe. Nasisitiza, ya keki. Magadi ya kulainishia maharage hayafai, na yale ya kutengenezea sabuni yataunguza pua. Acha yapoe hadi vuguvugu. Ukisikia maji yanachoma kama siku ulipomeza maji ya mtoni kwa pua, chumvi ni ndogo mno au imezidi. Asiyejiamini kupima anunue dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 duka la dawa. Chupa ya mililita 500 inatosha kusuuza mara mbili, asubuhi na jioni ya siku ileile, na kilichobaki kimwagwe.

Kuchemsha si mapambo. Mwaka 2011 watu 2 wa jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kusuuza pua kwa maji ya bomba ambayo hayakuchemshwa. Ndani yake mlikuwa na Naegleria fowleri, amiba wa maji yasiyo ya chumvi, anayependa joto. Ukimnywa hana madhara. Akipandishwa puani hufuata mshipa wa harufu hadi kwenye ubongo. Ni tukio la nadra sana, lakini likitokea karibu hakuna anayepona. Maji ya kisima, ya bomba, ya mvua yaliyokingwa batini, ya Mto Kagera, yote yapitie kwenye moto.

Chombo kizuri ni chupa laini ya kubinya, kama zile za tomato kwenye vibanda vya chipsi, ila iwe mpya, ioshwe kila siku na kuachwa ikauke. Bomba kubwa la sindano lisilo na sindano linafaa pia. Mtu anainama juu ya beseni, anafungua kinywa na kupumua kwa kinywa, anaelekeza mdomo wa chupa upande wa jicho la upande uleule, si katikati ya pua, kisha anabinya taratibu. Maji huingia tundu moja, huzunguka nyuma na kutokea tundu la pili. Mara ya kwanza shangazi aliruka kama aliyemwagiwa. Mara ya tatu alinifukuza nisimwangalie.

Baada ya hapo mtu hupenga, na hapa watu wengi hukosea. John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika kwa Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, kule Bweranyange mwishoni mwa 1861, alifika Karagwe na sikio lililokwisha kuharibika. Mwaka 1858, akiwa kisiwani katika Ziwa Tanganyika, mbawakawa alimwingia sikioni usiku, naye akajaribu kumtoa kwa ncha ya kisu. Sikio likaota usaha, uso ukavimba, na kwa muda mrefu kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi hata waliokuwa karibu wakacheka. Hewa ya puani ilikuwa inapita kwenye mrija unaounganisha nyuma ya pua na sikio la kati, kisha inatokea kwenye tundu la ngoma ya sikio. Sote tunao mrija huo. Anayebana matundu yote mawili na kupenga kwa nguvu baada ya kusuuza anayasukuma maji yenye kamasi kuelekea sikioni. Penga polepole, tundu moja moja, kinywa kikiwa wazi.

Mpaka hapa hatujagusa dawa, na kwa wagonjwa wengi wa Kyerwa mpaka hapa tayari ni safari ndefu. Dawa inayotuliza uvimbe wenyewe ni steroidi ya puani. Kwa miaka mingi imetolewa kwa kupuliza, na mpulizo ni mzuri, ila sehemu kubwa ya matone yake huishia mbele ya pua. Pua iliyojaa ute mzito hufunika ngozi iliyotakiwa kuguswa na dawa. Ndipo madaktari wakaamua kuiweka steroidi ndani ya maji yenyewe, iende na mafuriko. Inayotumika zaidi ni budesonaidi, ile ya vichupa vidogo vya kuwekwa kwenye mashine ya mvuke ya wagonjwa wa pumu. Miligramu 0.5 au 1 huchanganywa katika mililita 240 za maji ya chumvi. Vichupa hivyo vimeandikishwa kwa ajili ya pumu, kwa hiyo kuvitumia puani ni uamuzi wa daktari anayemfuatilia mgonjwa, hasa ikiwa ni mjamzito, mtoto, au mtu mwenye ugonjwa wa macho wa presha. Karibu maji yote humwagika tena kwenye beseni na dawa inayobaki mwilini ni kidogo. Hata hivyo ni steroidi, na kinachofanywa kwa miezi kinahitaji macho ya mtu.

Inasaidia kiasi gani? Mwaka 2018, huko St. Louis, Marekani, watafiti waligawa wagonjwa makundi mawili, wote wakisuuza pua kila siku, kundi moja likiwa na budesonaidi ndani ya maji na jingine bila. Waliofika mwisho walikuwa 61. Wenye dawa waliopata nafuu ya kuonekana walikuwa asilimia 79. Wa maji ya chumvi matupu, asilimia 59. Watu 61 ni wachache, na tofauti hiyo inaweza kuwa na sehemu ya bahati ndani yake. Mimi nilipozisoma namba hizo nilikaa na ile ya pili: zaidi ya nusu walipata nafuu kwa chumvi na maji. Mwaka huohuo watafiti wa Australia waliwalinganisha wagonjwa 44 waliokwisha kupasuliwa, wote wakitumia mometasoni, wengine kwa kupuliza na wengine kwa kusuuza. Waliosuuza ndio waliozibuka zaidi. Dawa ilikuwa moja, njia ya kufika ikawa tofauti.

Upasuaji unahusikaje? Vipimo vilivyofanywa kwa maji yenye rangi vimeonesha kwamba maji ya kusuuza huanza kuingia vizuri ndani ya sainasi mlango ukifikia kama milimita 4. Kabla ya hapo yanaosha njia za pua na vizingiti vya milango. Kwa watu wengi hiyo inatosha kuushusha uvimbe mpaka vinyweleo vimalize vyenyewe. Kwa wengine, hasa wenye vinyama vya puani vilivyojaza njia, haitoshi, na hao ndio wa kupelekwa hospitali ya Bugando kule Mwanza, au ya Muhimbili, wakapimwe kwa picha na kufunguliwa milango. Hata hao watarudi kwenye chupa yao ya kubinya.

Kitu kimoja kinanitia hofu kila ninapofundisha haya. Mtu akishaona kwamba dawa huweza kutiwa kwenye maji ya pua, hufikiri dawa yoyote yaweza. Haiwezi. Kuna wakati wataalamu wa Marekani waliamini kuvu ndiyo chanzo cha karibu kila ugonjwa sugu wa sainasi, wakasuuza pua kwa amfoterisini, dawa kali ya kuvu. Jaribio lililochapishwa 2006 kwa wagonjwa 116 halikuona faida yoyote kuliko maji yasiyo na dawa hiyo. Gentamisini ya sindano, inayopatikana kwa urahisi, huweza kudhuru masikio na figo, na ngozi ya pua iliyovimba hunyonya. Vidonge vya predinisoloni havisagwi na kutiwa humo. Pasipo na vichupa vya budesonaidi, ipo njia ya heshima kabisa: suuza kwa maji ya chumvi, subiri kama robo saa pua ikauke, kisha tumia steroidi ya kupuliza, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima. Umesafisha njia kwanza, ndipo umepitisha mgeni.

Na kuna pua ambazo hazipaswi kusuuzwa tu na kusubiriwa. Upande mmoja ukiziba peke yake na kutoa damu, shingo ikiota uvimbe, jicho likifura au kuona mawilimawili, mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Usaha wa upande mmoja wenye harufu mbaya mara nyingi unatoka kwenye jino. Mizizi ya magego ya juu imegusana na sakafu ya sainasi, na jino lililooza likibaki, lita mia za maji ya chumvi hazitasaidia.

Shangazi hakuwa na jino bovu wala vinyama. Alisafiri hadi Bukoba, akachunguliwa, akaambiwa kilichopo ni uvimbe tu. Vichupa vya budesonaidi nilivipata Mwanza baada ya kuzunguka maduka manne, navyo vilitosha wiki 8. Baada ya hapo akaendelea na mpulizo. Maji aliyachemsha jioni, sufuria ikiwekwa motoni maharage yakishaepuliwa, kwa kuni zilezile. Wiki ya tatu kikohozi cha usiku kilianza kukosa zamu. Hakikwisha chote, na kiangazi kilipoingia kilirudi kidogo.

Mwezi wa nne wa matibabu alinipigia simu, sauti ina ukali kidogo. Alitaka nimtumie fundi. Alisema jiko lake linanuka moshi, moshi wa siku nyingi, umeingia mpaka kwenye nguo na blanketi, na hajui watu waliwezaje kuingia humo miaka yote hii wakanyamaza. Fundi alitoboa dirisha upande wa migomba, Jumamosi iliyofuata.